Nafasi ya Kuitikia

Juzi, nikisubiri kwa fundi simu hapa Palma, nilimkuta mwalimu mzee wa Kurani akijifunza kurekodi somo. Vita vimewatawanya wanafunzi wake, naye anaogopa watasahau kusoma.

Alisoma aya moja, kisha akanyamaza, kiganja sikioni.

"Endelea, maalimu," fundi akacheka. "Humo hamna mtu."

"Nawapa nafasi waitikie."

"Nikikate hicho kimya?"

"Ukikata, wao watasoma saa ngapi?"

Fundi akawatumia wanafunzi somo vilevile. Muda si mrefu ikarudi sauti ya mtoto, akiisoma aya ile mwenyewe. Maalimu akainamia simu: "Hapo vuta sauti, mwanangu. Rudia."

Tangu nimzike mke wangu, nimezoea kusema nisijibiwe. Maalimu alijibiwa, alhamdulillahi, nami nikafurahi kama nimejibiwa mimi.