Injini Bado Kavu

Hebu mwone yule fundi wanayemwita Spana akiwasili gereji na pikapu yake kuukuu, mlango umefungwa kwa kamba. Ndani ipo pikapu ya mdogo wake, ya juzijuzi, inang'aa kama sahani ya wageni. Injini yake ilikufa kabla ya mwaka wa pili, na siku ilipoletwa ikivutwa, Spana, Mungu amsamehe, alikula akashiba vizuri.

Raha hiyo haikudumu. Mdogo mtu alinunua injini nyingine, mpya kabisa. Siku tatu Spana aliifunga kwa mikono yake, kila nati ikimchoma moyo. Si yeye aliyemfundisha huyu kushika usukani?

Asubuhi hii ilibaki kazi moja: kutia oili. Injini hiyo ililetwa kavu, na ukiiwasha kavu inajisaga yenyewe. Spana alikuwa ametoka kununua oili. Akamkuta mdogo wake amekwisha kaa kwenye usukani, mama yao kando yake.

"Kaka, umechelewa! Acha niisikie inavyonguruma. Hiyo yako tuipeleke makumbusho!"

Mama akacheka hadi machozi. "Mwanangu huyu ana nyota, jamani!"

Spana akasimama, dumu la oili mkononi. Neno moja tu lilitosha: ngoja. Lilikwisha fika kooni. Ufunguo ukaingia mahali pake, na wivu ukamnong'oneza: si wewe uliyemwambia awashe.

Haya, msomaji wangu, lingekuwa kooni kwako, lingetoka?