Mfereji Kati ya Magogo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kukagua njia lilikuwa kuziba mfereji wa daraja la magogo. La pili, ambalo ni baya zaidi, lilikuwa kuulizwa habari zake na kujibu kwamba sijui. Nayaandika yote mawili hapa mwanzoni ili nisipate nafasi ya kuyaficha nikifika katikati.

Nimeacha kazi hii mwezi uliopita, baada ya miaka saba. Nina miaka thelathini na moja, na najua huo si umri wa kustaafu. Lakini waliochukua nafasi yangu wameniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi, na nimeshachana karatasi nne.

Siku ya kwanza nilifika ofisini Bilele saa kumi na mbili asubuhi. Ofisi ilikuwa inafunguliwa saa mbili. Meneja alinikuta nimesimama mlangoni na baiskeli niliyoiosha mara mbili.

"Umelala hapa?" aliuliza.

"Hapana, Meneja. Niliogopa kuchelewa."

"Basi umechelewa kwenda kulala," alisema, akafungua mlango.

Kampuni ilikuwa ndogo. Ilipeleka wageni kuendesha baiskeli kwenye barabara za changarawe na vijia vya vijijini, kutoka Bukoba mjini kupita Kemondo hadi vilima vya Muleba. Baiskeli hizo zina usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na tairi zake ni pana kuliko zile za mashindano ya lami. Kazi kubwa iko kwenye upepo. Ukijaza sana, tairi linadunda juu ya kokoto na kuteleza. Ukipunguza sana, ringi inagonga jiwe na tyubu inapasuka. Mimi nilipima kwa kidole gumba, kisha kwa geji, kisha tena kwa kidole kwa sababu sikuiamini geji. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, na kwa kufungua na kufunga baiskeli ya mjomba wangu pale Hamugembe mpaka mjomba akaamua kuificha.

Cheo changu kilikuwa Mkaguzi wa Njia. Mkaguzi hutangulia siku chache kabla ya msafara na kuandika kila kitu kinachoweza kumwangusha mgeni: mchanga, mawe yaliyolegea, mbwa, mahali ambapo maji yamekula barabara. Siku ya msafara yeye ndiye anayeongoza mbele. Daftari langu la njia ya kwanza lilikuwa na kurasa arobaini. Meneja alisoma mbili.

"Hapa umeandika 'bata'."

"Wako sita, Meneja. Wanavuka bila mpangilio."

Alinirudishia daftari.

Njia hiyo ilianza vizuri. Ilipanda hadi kwenye rweya, yale mapori ya nyasi yaliyo wazi kati ya kijiji na kijiji, ambapo upepo unakusukuma ubavuni. Ikateremka ndani ya vibanja, migomba huku na kahawa huku, ikapita msitu wa misonobari ambamo sindano zilizodondoka hufanya ardhi iwe laini kama mkeka. Kisha ikashuka ghafla kwenye bonde lenye mafunjo, na chini kabisa kulikuwa na kijito na daraja la magogo manne ya mkaratusi yaliyolazwa kuelekea ng'ambo. Kati ya gogo la pili na la tatu palikuwa na mfereji, upana wa vidole vitatu hivi.

Kwa mwendesha baiskeli anayeteremka kwa kasi, mfereji wa namna hiyo ni mtego. Gurudumu la mbele likiingia, usukani haugeuki tena, na mtu anaruka kichwa mbele. Nilisimama pale nikamwona akilini kila mgeni akianguka, mmoja mmoja, wote kumi na mmoja. Msafara ulikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nilikata fito, nikazipanga ndani ya mfereji, nikaleta udongo wa kichuguu na kuushindilia juu kwa jiwe. Ilinichukua saa tatu. Nilipomaliza, magogo manne yalikuwa kama sakafu. Nilipiga picha nikamtumia Meneja, naye akajibu: "Safi sana." Niliusoma ujumbe huo mara nyingi njiani kurudi mjini. Usiku mvua ikanyesha.

Alhamisi nilirudi kuangalia kazi yangu, kwa kuwa siwezi kuacha kitu bila kukiangalia tena. Kwenye kijito walikuwapo wanawake wawili wanafua. Mmoja, mnene, mwenye kanga ya kijani, alikuwa anacheka peke yake.

"Wewe wa baiskeli," aliniita, "hebu tusaidie. Ni nani huyu aliyetupakia daraja sabuni?"

"Sabuni?"

"Udongo ule ukilowa ni sabuni. Ta Rwechungura ameanguka juzi na mikungu yake mitatu. Mfupa wa bega umevunjika."

Mwenzake alisonya. "Mbona unamdanganya mgeni? Yule mzee alikuwa amelewa rubisi. Watu wote wanasema."

"Hanywi yule."

"Hanywi mbele yako. Miaka yote anapita hapa na ndizi hajaanguka, leo aangushwe na udongo kidogo tu? Ni rubisi. Kama si rubisi, ni uzee."

Mwenye kanga ya kijani akanigeukia. "Humjui aliyefanya hivi?"

"Sijui," nilisema.

Neno hilo lilitoka haraka kuliko salamu. Nilipanda baiskeli nikapita palepale juu ya udongo wangu, ukiwa umekauka tena, na sikusimama mpaka Kemondo.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Ta Rwechungura; "Ta" huku ni neno la heshima kwa mwanamume mzima. Ningependa kuandika kwamba ni dhamiri. Ukweli ni kwamba niliogopa mtu mwingine asije akaiona picha niliyomtumia Meneja, akamwambia mzee kabla yangu. Nilipita kwenye kibanja chake mara tatu kabla ya kuingia. Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Baiskeli yake ya kubebea ndizi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na fimbo ya kusukumia imefunguliwa na kulazwa chini.

Mkewe, Ma Koku, alinikaribisha akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, kama wanavyofanyiwa wageni wote huku. Nilizitafuna zote. Ilikuwa njia nzuri ya kutosema kitu.

"Umekuja kununua baiskeli?" Ta Rwechungura aliuliza.

"Unaiuza, Ta?"

"Miguu imekwisha. Nimevuka daraja lile tangu sijaoa. Jumanne gurudumu likaondoka tu, na mguu ukalifuata. Nimekaa hapa siku tatu naipima." Alinyoosha mguu mmoja, akaukunja. "Hapa unasimama vizuri. Pale ulikataa. Padri amekuja kuniuliza kwa upole kama ninakunywa. Kwa upole! Bora angenitukana."

Mimi ni mtu wa kujipima. Nikifunga nati naifungua niifunge upya. Lakini sikuwahi kumwona mtu mwingine akifanya hivyo kwa mwili wake mwenyewe, na kwa sababu yangu.

"Ta, si miguu," nilisema. "Ni mimi. Niliziba ule mfereji kwa udongo."

Aliita kwa sauti ambayo hata jirani alisikia: "Ma Koku! Njoo! Si rubisi!"

"Mimi sikusema rubisi," Ma Koku alijibu kutoka jikoni. "Nilisema uzee."

"Si uzee pia! Ni huyu!"

Alicheka mpaka bega likamuuma, akalishika. Kicheko kilipokwisha, uso wake ulibadilika.

"Unajua mfereji ule ni wa nini?"

"Niliona ni hatari."

"Ni reli. Mikungu mitatu ni mizito, mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo. Gurudumu likiwa ndani ya mfereji haliendi kulia wala kushoto. Mimi natembea juu ya gogo, nasukuma tu. Tuliyalaza magogo hivyo kwa makusudi, tukapima kwa tairi. Ungeuliza."

"Ningeuliza, Ta."

"Na jana? Jana ulikuwapo kijitoni. Nimeambiwa alipita kijana wa baiskeli akasema hajui."

Alisimama, akachukua jembe kwa mkono mzima, akanipa. Tuliteremka pamoja mpaka bondeni. Alikaa ukingoni, mimi nikaufukua mfereji kwa jembe, na fito nikazitoa kwa vidole.

"Chini zaidi," alisema. "Bado kuna udongo. Wewe si ndiye uliyetaka daraja liwe safi? Safisha."

Kila aliyepita na mzigo alisimama, na kila mara Ta Rwechungura alimweleza upya, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, kwamba miguu yake haina tatizo na aliyefanya ni huyu hapa. Nilizidi kuinama. Sikuwahi kufanya kazi yenye aibu kama ile, wala yenye kunituliza kama ile.

Jioni nilimwambia Meneja yote. "Kesho hutaongoza," alisema. "Utakaa nyuma kabisa. Na huko nyuma utakaa mwaka mzima." Anayekaa nyuma huitwa mfagiaji, yeye husubiri aliyechoka na aliyepata pancha, na haoni njia ila migongo ya watu. Jumamosi wageni kumi na mmoja walishuka kwenye daraja wakasukuma baiskeli zao, gurudumu ndani ya mfereji, na hakuna aliyeyumba.

Bega la Ta Rwechungura liliunga vibaya kidogo. Hakuuza baiskeli, ila tangu hapo hubeba mikungu miwili badala ya mitatu, na mmoja uliopungua ni wangu kuujutia.

Bado naamka kabla ya kengele ya saa, na bado siiamini geji. Kilichobadilika ni hiki: kabla ya kugusa kitu kwenye njia ya watu, nauliza wanakitumiaje; na nikikosea, nasema siku hiyohiyo.