Chama Kiko Tayari Kumsomesha Mjukuu Wangu Uuguzi, Lakini Kinauliza Ukoo Wangu

(Mzee aliyetuandikia ameomba asitajwe. Jina la mjukuu wake limebadilishwa.)

Heshima kwenu nyote mnaosoma ukurasa huu, wakubwa kwa wadogo. Naomba radhi kwa kuwasumbua. Nina miaka sabini na minne, na mke wangu alitangulia mbele za Mungu miaka sita iliyopita. Ninaishi Kolwezi, upande wa Dilala, katika nyumba tuliyoachiwa na kampuni ya migodi. Naishi na mjukuu wangu wa miaka kumi na minane, nitamwita Rehema. Baba yake, mwanangu wa pekee, anafanya biashara Dilolo, mpakani.

Rehema amemaliza sekondari na anataka kuwa muuguzi. Tulikwenda pamoja kwenye shule ya uuguzi iliyo karibu nasi. Nilidhani ada ndiyo gharama yote. Karani alitusomea kwa upole ukurasa mzima: blauzi na viatu vyeupe, kipimo cha presha, glavu za kila zamu ya uzazi, malipo ya mazoezi hospitalini, mtihani wa Serikali. Pensheni yangu haikufika hata katikati ya ukurasa ule. Rehema aliikunja karatasi, akanishika mkono. "Nkambo, twende tu," akasema. Nkambo ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita.

Kisha tukasikia habari njema. Chama cha watu wa kaskazini mwa jimbo letu, kwao marehemu mke wangu, kinasomesha wasichana katika shule ya misheni ya kule. Kila kitu kinalipwa, na baada ya miaka mitatu muuguzi anatumikia zahanati za kwao. Sharti ni awe mtoto wa kule kwa baba na kwa babu. Upande wa bibi hauhesabiwi. Katibu wao alifika Jumapili, akanywa chai, akamtania Rehema.

"Muganga yetu ni huyu! Hautaogopa damu?"

"Mi naogopa hesabu tu, tata," akajibu; tata ni baba, ndivyo tunavyomwita kila mwanamume kwa heshima.

Alicheka sana, halafu akanigeukia. "Tata, Alhamisi bazee babili batapita hapa. Batauliza ukoo ya mutoto, jina kwa jina. Haina mubaya. Juu siku hizi batu banajificha mu majina ya benzao." Alikuwa bado anatabasamu. "Na ile miaka ya kufukuza batu, mulikuwaka wapi, tata?"

"Hapa hapa," nikajibu.

"Eh. Hapa hapa." Akamaliza chai yake.

Ndugu zangu, nisameheni kwa haya ninayoandika. Mimi si wa kaskazini. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, nami nilizaliwa Likasi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kampuni ilipokuwa inaporomoka, na wenye asili ya Kasai wakifukuzwa jimboni, nilikuwa nimehamishiwa Kolwezi majuma machache tu. Jina langu linatumika pande zote mbili. Vijana walipofika getini, mke wangu aliwaambia, "Huyu ni wa kwetu." Wakaamini.

Walikuwa bado wamesimama pale, mdogo wangu wa tumbo moja akafika mbio, godoro kichwani. "Yaya," akaniita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "twende gare ya treni! Beba mutoto!"

Vijana wakanitazama. Nikamwambia mdogo wangu, "Umekosea nyumba, tata."

Alishika godoro, akainama kidogo. "Munisamehe, tata," akasema, akaenda zake. Watu walilala kituoni majuma mengi wakingoja treni. Sikwenda kuangalia. Mpaka leo sijui kama alipanda. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Alimwuliza mama yake mara kadhaa baba mdogo yuko wapi, kisha akaacha kuuliza. Yeye na Rehema hawajui lolote.

Juma hili mkuu wa avenyu yetu amepita na daftari, akiuliza kila nyumba asili yake. Milango miwili, ya wenye asili ya Kasai, imepakwa alama ya chokaa, na hakuna anayesema ni nani aliyepaka. Vijana wa pikipiki wanapunguza mwendo wakifika hapo. Wetu hauna alama. Ninautazama kila asubuhi kabla Rehema hajaamka.

Yeye anakariri ukoo. Nimempa wazee wa mke wangu, nikawafanya wangu. Jana, akipepeta mchele, alisimamisha ungo.

"Nkambo, huyu wa tatu, nkambo mwanamuke aliniambiaka ni baba yake. Ni baba yako pia?"

Niliokota chuya kwenye ungo wake. Alinitazama, kisha akarudia mchele wake. "Haina neno. Bakiuliza, nitasema vile ulinifundisha."

Leo ni Jumanne. Nikisema kweli, anapoteza shule, na sijui mlango wetu utaamkaje kesho yake. Nikinyamaza, ninachukua nafasi ya mtoto mwingine, na ninampeleka wangu akalale miaka mitatu kati ya watu ambao siku moja watamwuliza tena, nami sitakuwapo. Ninyi mnaolea watoto, niambieni bila kunionea haya: nimweleze yeye ni nani kabla wazee hawajaketi, au nimwache aende na majina hayo? Nawasihi, nijibuni kabla ya Alhamisi.