Mama wa Kweli ni Yule Anayeachia

Nimeomba jina langu lisitokee, maana Ifakara si kubwa na wazazi wa watoto ninaowafundisha wanausoma ukurasa huu. Nina miaka arobaini na mmoja, nimeolewa, naishi Kibaoni. Mimi na mume wangu tunalima mpunga. Hatukujaliwa kuzaa. Kila Jumapili baada ya misa ninafundisha watoto wadogo wa kigango chetu, wale ambao bado hawajaanza mafundisho ya komunyo.

Tuna binti wa miaka minane, nitamwita Skola. Alimzaa mdogo wangu. Mdogo wangu aliondoka asubuhi moja, mtoto bado hajaanza kutambaa, akamwacha amelala kwangu bila kuaga. Baadaye sana tulisikia kwamba yuko Masagati, ameolewa. Alianza kuja kutusalimia mara chache, na Skola alimwita mama mdogo. Mimi aliniita mama. Alipoanza shule tulimweleza nani alimzaa. Jinsi alivyoachwa hatukumweleza. Alisikiliza, kisha akauliza kama chai iko tayari, nikadhani limepita.

Darasani kwangu kuna desturi. Nikisimulia hadithi ya Biblia nauliza, "Ni haki?" Anayeona ni haki anasimama, anayeona si haki anabaki amekaa, kisha wanatoa sababu. Kwaresima iliyopita nilisimulia habari za Mfalme Sulemani na wanawake wawili waliogombania mtoto mchanga. Nilipofika pale mfalme anapoagiza upanga ili mtoto agawanywe, nikauliza. Mmoja akasimama.

"Ni haki, mwalimu. Kama muwa. Pande hili la huyu, pande hili la yule."

"Na upande wenye mdomo anachukua nani?" mwenzake akamuuliza. "Maana huo ndio utakaolia."

Walicheka mpaka benchi likayumba. Skola hakucheka. Alitaka kujua mfalme alimtambuaje mama mwenyewe. Nilijibu kwa sentensi moja, nikawataka waitamke pamoja ili iwakae: mama wa kweli ni yule anayeachia.

Baada ya mavuno mdogo wangu alikuja, ameongozana na mjomba wetu kutoka Mahenge. Skola aliwaamkia, akaenda kukaa barazani kuchambua mchele. Mlango ulikuwa wazi.

"Dada, asante kwa kunilelea," mdogo wangu alisema. "Sasa nina kwangu. Namwomba mwanangu."

"Mwanao yupi? Hujui hata kama anakula bamia."

"Sikuwa na kitu, dada. Unajua nilivyokuwa."

"Skola haondoki hapa. Labda mnizike kwanza."

"Taratibu," mjomba akasema. "Mtoto si gunia la mpunga mkaligawana kwa debe."

Sikwenda taratibu. Nilipandisha sauti, nikamtajia surua, homa, ada, kila kitu. Mwisho mdogo wangu akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Basi, dada. Kaa naye. Sitaki asikie tunararuana hivi."

Mpaka leo sijui kama yalikuwa mapenzi au uchovu. Kutoka Masagati ni mbali, na alikuwa ameacha mtoto mwingine nyumbani. Skola aliingia na ungo wake, akauweka chini bila kumwaga mchele, akaenda kukaa ubavuni kwa mdogo wangu.

"Mama ni huyu," akasema.

Mjomba akamuuliza, "Umejuaje, mjukuu wangu?"

"Kaachia, babu." Akanionyesha kwa mkono, bila ubaya wowote. "Yeye ndiye aliyetufundisha."

Mdogo wangu hakuelewa. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaanza kulia. Mume wangu, aliyekuwa nasi muda wote, alielewa. "Mwalimu, umefundisha ukaeleweka," alisema, akatoka nje. Mjomba akaamua kwamba shule zikifungwa mtoto ahamie Masagati, na mdogo wangu, aliyekuwa ameachia, akakubali haraka.

Tangu siku ile Skola ananiita mama mkubwa. Hana kinyongo. Anakula, anachota maji, anaimba. Nguo zake ameshazikunja kwenye mfuko wa salfeti. Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikamwambia, "Skola, yule mama wa kwenye hadithi aliachia kwa sababu mwanawe angekufa. Hapa kwetu hakukuwa na upanga."

Akachukua hindi lingine. "Lakini mbona yeye aliachia?"

Jibu ninalo. Alishawahi kuachia, wewe ukiwa huna hata jino, wala hapakuwa na mfalme wa kumlazimisha. Lilifika mdomoni, nikalimeza, nikamwomba asogeze beseni.

Nikilisema, naamini atabaki. Atabaki akijua kwamba aliamka asubuhi akakuta ameachwa, na hilo mtoto halitoi tena moyoni. Nikilinyamazia, atapanda gari la Mlimba kwenda Masagati akiamini kwamba mimi ni yule mwanamke mwingine, yule aliyesema mtoto akatwe. Na Jumapili nitasimama tena mbele ya wenzake niwaulize kama ni haki.

Msinijibu kwa maandiko, hayo nayajua. Ninyi mliowahi kulea mtoto wa ndugu yenu, nishaurini: nimwambie, au na mimi niachie?