Uzi Mwekundu wa Yai

Binti huyu wafuaji walimwita Yai, maana siku baba yake alipomleta kwenye kiwanda chake cha kufulia nguo aliagiza asinyanyue ndoo, asiguse dawa ya madoa, wala asisimame sana. Yai ana miaka kumi na saba, na wala hakufuata pasi. Chuo anachokitaka, cha mbali, kilidai insha ya jinsi kazi ya mikono ilivyombadilisha, yenye saini ya msimamizi wake. Mwisho Ijumaa.

Yai si mtu wa kupoteza muda. Insha aliiandika kabla ya kuanza kazi. Jumatatu, hata mkoba hajautua, akamkabidhi Mama Pasi, aliyetawala meza za pasi miaka ishirini na miwili.

Mama Pasi akavaa miwani, akasoma kwa sauti ili wenzake wafaidi: "'Mama mmoja maskini alinifundisha unyenyekevu.' Maskini ndiye nani, mwanangu? Mimi?"

"Ni lugha ya insha tu... shikamoo, mama."

"Hata salamu imekuja kwa miguu," akasema mfuaji mmoja.

"Marahaba. Nipigie pasi shati moja, nitatia saini. Moja tu."

Yai akaanza na mgongo, kwa kuwa ndio mkubwa. Alipofika kwenye kola, mgongo ulikuwa umejikunja upya. Jumanne akaunguza mkono wa shati. Jumatano akaunguza wa shati la pili.

"Kola kwanza, bibi wewe," Mama Pasi akamwambia. "Toka kwenye ncha, njoo katikati. Mgongo uache mwisho."

Alhamisi akageuza kola ya shati jingine, akakuta ndani uzi mwekundu. Akachangamka kama aliyeona ndugu ugenini. Nguo zake zote zina uzi ule, na shuleni aliwatangazia wenzake kuwa ndiyo alama ya nguo halisi za ng'ambo. Wawili walikwenda kujishonea wa kwao.

"Kumbe na huyu mteja ananunua ng'ambo!"

Wafuaji walicheka hadi mmoja akakalia kapu.

"Uzi tunashona sisi, tujue nguo ni ya nani," Mama Pasi akasema. "Kijani kwa mwalimu, bluu kwa daktari. Mwekundu ni wa nyumbani kwenu; hilo shati ni la baba yako."

"Na mwekundu maana yake fua mara mbili," akadakia aliye kwenye kapu. "Hawa hawakosi la kulalamika."

Yai akachukua mkasi, akakata uzi wa blauzi aliyovaa, kwa uchungu mwingi.

"We! Sasa tutajuaje ni yako?" Mama Pasi akamtupia sindano. Yai akaushona upya mwenyewe, kombokombo, kisha akarudi kwenye kola. Safari hii ikakubali.

Mama Pasi akachukua kalamu, akafuta umaskini, akafuta unyenyekevu, akafuta kurasa mbili zote. Yai akaandika upya: "Niliunguza mashati mawili. La tatu lilikubali. Uzi mwekundu ni wetu."

"Mama, kwa hii hawanichukui."

"Basi mpelekee baba yako ile ndefu. Yeye hutia saini chochote."

Yai akazitazama karatasi zote, chai ya wafuaji ikapoa. Ijumaa akapeleka ile fupi, na saini ya Mama Pasi chini yake.

Chuo kikajibu baada ya wiki sita. Insha imewagusa sana, ila waliomba aongeze ukurasa mmoja tu, waelewe kama yule msimamizi aliyetia saini hakuwa maskini, walau kidogo.

Barua ilimkuta Yai amesimama kwenye meza ya pili, pasi mkononi.

"Wasubiri," akasema. "Nina kola hapa."