Meno Hamsini ya Kupandia Mau Narok

Nikiwa mtoto, kabla sijajua viatu, tulihama Mau Narok tukateremka upande wa Njoro, na baba akaazima punda wa kubeba vyombo. Punda alibeba kitanda, sufuria, magunia mawili ya viazi, na juu kabisa kuku wa mama amefungwa miguu. Tulipofika ile kona kubwa ambapo unaona bonde lote limelala huko chini, punda akasimama. Baba alimvuta. Akamsukuma. Akamtukana yeye na ukoo wake. Mwisho akavua kofia akamwamkia, "Umeamkaje, mzee?" na mama akacheka mpaka akakaa kando ya barabara, akatoa kiazi baridi kwenye leso akaanza kumenya. Tulikaa hapo mpaka jua likawa kichwani. Punda alipotaka kwenda, akaenda.

Sisimulii hii kwa sababu ya punda. Shule niliachia darasa la tatu na jambo kwangu haliendi moja kwa moja, mnivumilie. Ni ile kona. Juzi juzi tu, pikipiki yangu nayo ilianza kunisumbua pale pale.

Ni pikipiki ya Kijapani, ya zamani, niliyouziwa na bwana shamba mmoja alipostaafu. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, inanguruma kama mtu aliyeshiba. Lakini ikipanda na watu wawili, ikifika kwenye kona inakohoa, gia ya kwanza inalia, klachi inanuka. Tena cheni yake ni ya ile saizi nene ya zamani, na Nakuru haiko. Kila duka wananiambia, "Mzee, hiyo ilikuwa ya wakati wa babu." Kinachouzwa ni cheni za pikipiki za boda, zile za kubeba abiria.

Na ilikuwa lazima ipande. Mama mkwe wangu anakaa kule mbele ya Mau Narok, mahali mvua ikinyesha barabara inakuwa uji. Amezeeka mpaka anamwita mke wangu kwa jina la dada yake. Kila baada ya wiki mbili mke wangu huenda kumwosha nywele na kumkata kucha, maana mtu mwingine akimshika anapiga kelele. Mke wangu boda hapandi. Dereva mmoja wa boda alimwangusha, mkono ukavunjika mahali pawili, na hadi leo haunyooki sawa. Aliapa atapanda nyuma yangu peke yangu. Aliniambia, "Wewe ni mwoga, ndiyo maana nakuamini." Sikujua kama nimesifiwa.

Basi nikaenda kwa fundi wangu, Nakuru mjini. Ni mtoto wa reli, baba yake alikuja na kazi ya garimoshi kutoka magharibi akabaki. Tulikuwa marafiki miaka thelathini na zaidi. Mtoto wangu wa kwanza alipofariki, yeye ndiye aliyetengeneza msalaba, na hakuniuliza vipimo. Hayo ni mengine.

Aliinama akatazama, akasema, "Omera," yaani ndugu kwa lugha ya kwao, "tunabadilisha yote. Tunaweka cheni ya boda. Hii sproketi inayovuta cheni, ya mbele tunapunguza meno, ya nyuma tunaongeza, kutoka arobaini na mbili mpaka hamsini. Itapoteza mbio, itapata nguvu. Na wewe mbio unapeleka wapi, unawania kiti cha bunge?"

Ya mbele ilipatikana, ikaingia kama imezaliwa hapo. Ya nyuma ndiyo ilileta taabu, kwa sababu matundu ya bolti hayakulingana na gurudumu langu. Fundi akafanya wanavyofanya mafundi wa jua kali: akakata katikati ya sproketi yangu ya zamani, akakata pete ya meno kutoka kwa sproketi ya boda, akapachika moja ndani ya nyingine, akachomelea kwa welding. Akanipa ile sproketi siku ya Jumatano niende nayo, na pikipiki tukaipakia kwenye pikapu. Yeye angekuja nyumbani Ijumaa na cheni, aifunge huko huko, na Jumamosi nimpeleke mke wangu kwa mama yake.

Hapo usingizi ukaisha. Niliiweka ile sproketi mezani, nikanywa chai nikiiangalia. Niliigeuza juani. Kwenye mshono wa welding kulikuwa na katundu kadogo, kama kale kanakobaki kwenye chapati moto ukiwa mkali. Kamoja tu. Nikakasugua na kitambaa nikidhani ni uchafu. Hakakutoka. Nilianza kuona vitu: tuko kwenye kona, ule mshono unaachia, cheni inajisokota kwenye gurudumu, gurudumu linakwama, na mke wangu anaruka anaangukia mkono ule ule. Kila nikifumba macho anaangukia mkono ule ule.

Alhamisi nikaifunga kwa gazeti, nikamwambia mke wangu naenda kuulizia mbegu, nikaipeleka kwa mama mmoja wa Njoro anayechomelea mageti. Aliigonga na nyundo, akasikiliza mlio.

"Nani alifanya hii?"

"Rafiki yangu."

"Sasa mbona hujamuuliza yeye?"

Nikamwonyesha mshono. "Itashika?" nikasema.

"Inaweza kushika. Mzee, mimi natengeneza mageti. Geti likianguka, linaanguka pale limesimama."

Hilo neno "inaweza" nililibeba mpaka nyumbani, likawa zito kuliko chuma. Na mke wangu, kwa sababu alinijua, aliuliza mbegu ziko wapi, nikamwambia ukweli wote isipokuwa habari ya katundu na ile "inaweza". Nilisema huyo mama amesema iko sawa. Nasema wazi, mpaka leo sijui kama ule mshono ungeshika au ungeachia.

Ijumaa asubuhi fundi akafika na cheni mpya kwenye mfuko wa karatasi. Alifanya kazi akipiga mluzi. Alifunga ile sproketi kwenye gurudumu, akahesabu pingili za cheni, akapunguza mbili, akafunga kile kiungo cha klipu, akahakikisha upande wa klipu uliofumbwa unatangulia mbele. Akavuta gurudumu nyuma, akabonyeza cheni kwa kidole, akalegeza kidogo. Jirani yangu akachungulia juu ya ua.

"Wazee, hiyo bado ni pikipiki ama mmegeuza kuwa mashine ya kusaga?"

"Lete mahindi!" fundi akamjibu, na tukacheka, hata mimi, ingawa macho yangu hayakutoka kwenye ule mshono.

Maana nilijua kinachofuata. Fundi huyu ana desturi yake, na Nakuru yote ya pikipiki inaijua. Akibadilisha cheni, safari ya kwanza anaendesha yeye, na mwenye pikipiki anakaa nyuma. "Ikikatika, itukate sote," ndivyo anavyosema. Hajawahi kumwachia mteja kazi ambayo hajaikalia mwenyewe.

Akawasha. Ikanguruma. Mke wangu akaleta chai, na kwa nia njema kabisa akasema, "Shemeji, sasa sina wasiwasi. Hata yule mama wa mageti alisema iko sawa."

Fundi hakugeuka mara moja. Akauliza, "Mama gani wa mageti?"

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia cheni.

"Ulipeleka kazi yangu kwa mtu wa mageti," akasema. Hakuwa anauliza. Akaweka kikombe chini bila kunywa, akapanda. "Sawa. Panda, omera."

Nilitaka kupanda. Nakiri mbele yenu nilitaka. Niliinua mguu, ukagoma. Nilikuwa naona kale katundu tu. Nikasema, "Ngoja kwanza, nilikuwa nataka tuzungumze juu ya..."

"Tutazungumza tukirudi. Panda."

"Kuna mahali kwenye mshono..."

"Nimepaona. Nimepaona kabla yako. Panda."

Mke wangu akakasirika na mimi, nikaona usoni. "Wacha basi nipande mimi," akasema. "Mamangu ananingoja." Akajifunga leso kiunoni, akashika bega la fundi kwa ule mkono mzima, akakaa.

Nikamshika. Sikufikiri. Nilimshika kiunoni nikamvuta chini kama mtu anayetoa mtoto kwenye maji, nikasema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, "Wewe hapana! Tena nyuma ya huyu hapana!"

Injini ikaendelea kunguruma. Mke wangu amesimama, leso imelegea. Fundi alinitazama bila hasira. Afadhali ningeona hasira. Halafu akazima, akasimamisha pikipiki kwa stendi, polepole, kama mtu anayelaza mgonjwa. Akachomoa ufunguo akampa mke wangu, siyo mimi.

"Shemeji, msalimie mama," akasema.

Nikamwita. Nilimwita jina lake la utotoni, lile la mtaa wa reli ambalo tulikuwa wachache tuliolijua. Alikuwa ameshafika kwenye lango, mikono bado ina grisi, hakuipangusa. Alipita jirani bila kumsalimia, akashika njia ya stendi ya matatu, akaenda, na hakurudi tena.