Balbu ya Tluway imewaka, nilikuwepo

Ndugu, jamaa na marafiki, natangaza rasmi: leo jikoni kwa mama imewaka balbu moja.

Msicheke kwanza.

Kaka yangu Tluway alichukua mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, akazisuka upya nyaya zake za shaba, akaifungia mapanga ya bomba la plastiki yazungushwe na upepo, na kuipandisha juu ya nguzo.

Nguzo ni ya zizi. Mama alishasema: "Leo isipowaka, inarudi kwa ng'ombe."

Mchana Tluway yuko juu, waya tayari hadi kwenye balbu ya jikoni, ameshikilia mapanga yasianze kuzunguka kabla hajashuka.

Baba mkubwa akatokea.

Sasa, mzee humwamkii ukiwa juu ya kichwa chake. Tluway akaachia mapanga, akateremka mbio.

"Shikamoo, baba mkubwa!"

Mzee anatazama mlango wa jikoni.

Mwanga, jamani! Kutoka kwenye upepo huu huu unaotulazia mahindi!

Mama akafunga kitenge vizuri, kama kaingia mgeni.

"Nguzo ibaki," akasema taratibu.

Mimi nilivua kofia. Nyie mngefanyaje?

Saa nane upepo umetulia, balbu imezimika.